Kisogo cha Mwalimu

Mimi nauza nywele kwa jumla, na mteja pekee ambaye sijawahi kumweza kwenye bei ni Mama Wigi. Anashona wigi katika chumba kimoja chenye kioo, cherehani na pazia zito la kijani. Nyuma ya pazia huketi wanawake ambao nywele zimewatoka, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa dawa. Akikutana nao barabarani anawasalimia kama watu asiowajua.

Akaunti ya mtandaoni alifunguliwa na wifi yake, mke wa mdogo wake.

“Lete simu, wifi yangu, utazeeka ukibandika makaratasi ukutani!”

Akajaza kila kitu, na palipotakiwa namba ya simu akaweka yake yeye wifi. Hakuna aliyeshtuka. Wateja wa mbali wakaanza kutuma picha za vichwa vyao vitupu ili wakadiriwe kipimo. Walidhani zinaonwa na Mama Wigi peke yake. Naye alidhani hivyo hivyo.

Kisha wifi akafungua duka lake la wigi. Hilo halikumsumbua Mama Wigi, biashara ni biashara. Lakini siku moja akaingia mwalimu, mteja wa siku nyingi, kajifunga kitambaa, hata kiti hakukitaka.

“Umenitangaza,” akasema, akamwonyesha simu.

Kwenye tangazo la wifi kulikuwa na kisogo cha mwalimu, kabla ya wigi na baada, picha alizomtumia Mama Wigi kwenye akaunti. Uso haukuonekana, ila kovu la shingoni lilionekana, na kovu lile shule nzima inalijua. Wigi yenyewe ilikuwa kazi ya Mama Wigi.

Alijaribu kuingia kwenye akaunti ili azifute picha za wateja, akakuta namba ya siri imebadilishwa, na namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu ya wifi. Tukaenda kwake. Nilimsindikiza kwa sababu kwenye mapatano mimi si mchezo.

“Akaunti alifungua nani?” wifi akacheka. “Kwani kisogo kina jina?”

“Kina mwenyewe,” Mama Wigi akajibu.

“Basi niachie wateja wa mbali, nami nitaifuta picha.”

Kwa hesabu zangu, hapo palikuwa pa kuanzia. Nikamkanyaga mguu Mama Wigi alegeze kidogo. Akanitazama vibaya.

“Wale si mzigo wako wa nywele,” akasema.

Mdogo wake, aliyemlea tangu anatambaa, alikuwa amekaa palepale.

“Dada, unataka kunivunjia nyumba kwa ajili ya picha?”

Mama Wigi akachukua mkoba wake. Chai aliiacha kama ilivyomiminwa.

Aliwapigia wanawake waliotuma picha, mmoja mmoja. Nilimsikia: “Picha yako anayo mke wa mdogo wangu. Liripoti lile tangazo. Na ukitaka kunitukana, nitukane.” Wengi walimtukana. Baadaye tangazo liliondolewa, lakini lilikuwa limeshazunguka. Mwalimu hakurudi tena.

Sasa Mama Wigi ana akaunti mpya, kwa namba yake mwenyewe, na picha za vichwa hapokei, unakuja upimwe. Mlangoni kaweka kikapu cha simu.

Juzi nilifika na mzigo, nikapita na simu yangu mkononi.

“Kikapuni,” akasema.

“Hata mimi? Tumejuana miaka mingapi?”

“Na wifi yangu je?”

Nikaiweka.