Jogoo Aliyeletwa kwa Ajili ya Jarida

Mjukuu wangu wa kike anasomea saikolojia, mambo ya akili za watu, hapa chuoni Kakamega. Mwaka uliopita wenzake walimchagua kuwa mhariri wa jarida lao, kijitabu cha utafiti ambacho wanafunzi wanaandika na kuchapisha wenyewe. Mikutano yao waliifanyia sebuleni kwangu Shirere, kwa sababu kuna chai na hakuna kelele. Kelele sitaki.

Jumamosi moja rafiki yangu wa kanisani akaja na jogoo kwapani.

"Dada, mjukuu wangu ametuma maandishi yake kwa hilo jarida. Mwambie wako amwangalie vizuri."

Akaniachia jogoo, akaenda. Kwetu kuku wa zawadi harudishwi. Ukimrudisha umemtukana mtu, na yule mama tulikesha pamoja kwenye matanga ya mume wangu na ya mume wake. Lakini nikimchinja, mjukuu wangu amenunuliwa.

Aliporudi nikamwambia, "Kuna mtu ameleta jogoo kwa sababu ya jarida lako."

Akaziba masikio. "Kukhu, nyanya yangu, usiniambie ni nani! Sisi tunasomanga kazi za watu bila majina. Nikijua tu, nimeharibu."

Sikumtaja. Jogoo nikamfunga mguu nyuma ya jikoni, nikamlisha mahindi yangu. Kanisani rafiki yangu akawa ananinong'oneza, "Ile ingokho mlikula? Ilikuwa tamu?"

"Imba, wimbo umeanza."

Moyoni niliogopa. Maandishi yakikataliwa, nimempoteza huyu mama.

Wiki zikapita. Siku moja akanipigia simu kwa vigelegele. "Yamekubaliwa! Dada, jogoo amefanya kazi!"

"Hajafanya kazi yoyote. Yuko hapa nje, ananimalizia mahindi. Na mjukuu wangu hajui hata ni nani alimleta."

Vigelegele vikakatika. Nikasema moyoni basi, ameudhika.

"Kwa hivyo," akauliza polepole, "mtoto aliandika vizuri yeye mwenyewe?"

"Sasa ulifikiri nani alimwandikia?"

Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Nikatafuta kiti nikakaa, nikamshukuru Mungu.

Jumapili akaja, tukachinja. Chakula kikiwa mezani, akamwomba mjukuu wangu amsomee yale maandishi ya mjukuu wake yote, tangu mwanzo. Yalihusu wanafunzi wapya wanaokosa usingizi. Sehemu nyingi hatukuelewa. Kila mara alisema, "Rudia hapo, mama," na obusuma, ugali wetu, ikazidi kupoa, nami sikumharakisha.