Kushika Tumbo Nako Kunasomewa

Nina hasira za karibu, na hakuna neno linaloniwasha kama "wachoma sindano." Ndilo jina letu manesi huku. Wapo wanaodhani tuliokotwa njiani tukavishwa gauni jeupe. Mama mmoja wa huko Segese alikuwa mmoja wao.

Mkwewe alikuwa amejifungua salama asubuhi hiyo, mtoto wa kwanza. Mume alikuwa machimboni, kwenye duara lake, lile shimo la kuchimbia, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyebaki wodini kumuuguza. Kila nilipopita nikamshika mzazi tumbo, mama aliguna. Mwishowe akasema nimwache mtoto wa watu alale, na kama sina sindano ya kuchoma, nikatandike vitanda. Nikamjibu, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Nilikuwa nimeshamwamkia, lakini sikuwa na jibu jingine la adabu.

Nikatazama kanga aliyolalia binti. Safi, haina hata doa. Ningeyaamini macho ningekwenda zangu, lakini mkono ulikataa. Mji wa mimba ukishamaliza kazi hujikaza, unaukuta mgumu hapo chini ya kitovu. Huu ulikuwa laini kama unga uliokandwa kwa maji mengi. Midomo ya binti ilikuwa imepauka. Nikauliza kanga nyingine ziko wapi.

Mama akatazama pembeni. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo yenye mfuniko. Nilipoifunua niliogopa kweli. Kanga zilijaa humo, zote zimelowa damu. Kila iliyolowa, mama alikuwa akiibadilisha na kuificha, kwa heshima tu, maana aliona aibu damu ya mkwewe kuonwa na kila mpita njia. Kwa staha yake ile, binti alikuwa anaisha mbele ya macho yetu.

Nikampigia kelele mwenzangu amwite daktari na alete dripu. Sikungoja. Nikaanza kulisugua tumbo, sindano ya kukaza kizazi ikaingia, tukatoa mkojo kwa mpira, kwa sababu kibofu kikijaa kizazi hakijikazi. Nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Daktari alipofika, kizazi kilikuwa kimeanza kuwa kigumu chini ya kiganja changu na damu imepungua. Akashika, akaitikia kwa kichwa, akasema tuendelee hivyo hivyo. Nilishusha pumzi. Machozi yalinitoka kwa furaha, nikajifanya napangusa jasho.

Mama alikuwa amesimama ukutani muda wote. Akauliza polepole, "Mmesomea hilo? Kushika tumbo?"

"Tumesomea, mayu. Na mtihani tulifanya."

Nikauchukua mkono wake nikauweka pale pagumu. Akapapasa. Hasira zangu zikaishia hapo, sijui zilikwenda wapi.

Alasiri binti alikuwa ameketi, ananyonyesha na kudai uji. Nilipopita, mama akanizuia. Alikuwa na kanga iliyotoka kitandani wakati huo huo. Akaikunjua mbele yangu, wodi nzima ikitazama.

"Nesi, itazame kabla sijaifua."

Palikuwa na doa dogo tu. Nikamwambia hiyo ni ya kawaida, binti yuko salama.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. Akaiweka kanga juu ya mfuniko wa ndoo, mahali ninapoweza kuiona.