Gunia la Njeri

Juzi redio ilirudia yale yale: kila Mkenya, hata mtoto mchanga, ana fungu lake la deni la taifa. Ghafla nikasikia tena harufu ya gunia la mitumba.

Alasiri ile ya utotoni, redio ilipotangaza hayo mara ya kwanza, moshi wa jaa la taka la Dandora ulikuwa umetanda hadi ndani. Mama alikuwa akimnyonyesha dada yangu Njeri.

"Hata Njeri atalipa?" nilimuuliza.

"Hata yeye. Nikinunua sukari ama sabuni, serikali inakata kodi yake. Tutalipa mpaka tuchoke."

Nje, madalali walikuwa wakibeba makochi ya Mama Otieno, jirani aliyeshindwa kulipa mkopo. Nilijua zamu yetu inafuata, na sisi hatukuwa na makochi, tulikuwa na Njeri tu. Mama alipotoka kumtuliza jirani, nilimtia Njeri ndani ya gunia la nguo alizokuwa akiuza soko la Gikomba, nikamsukuma uvunguni. Nikamziba mdomo kwa sweta, taratibu, asisikike.

Mama aliporudi alimtoa humo akiwa hatoi sauti, ameloa jasho. Alimtikisa sana kabla hajalia.

Leo najua deni la taifa halipigi hodi. Linakatwa kwenye sukari. Lakini juzi Njeri alizima redio, akamkumbatia mwanawe mchanga, akanitazama bila kucheka.

"Na huyu utamficha wapi?"