Zebaki Iliyokataa Kufika Sabini na Sita

Kengele ya shule haijalia, na umande wa Nyansiongo bado umelala juu ya majani ya chai, wakati Jethro Nyamongo anapofungua mlango wa maabara. Anatundika kofia msumarini, anachukua pampu ya baiskeli na kuziba mdomo wake kwa kidole gumba. Anasukuma mpini. Unaingia nusu, kisha unagoma.

"Gusa hapa," anamwambia mgeni wake. Chuma kimepata joto. "Hiyo ni hewa. Punje zake ni ndogo sana, huwezi kuona, lakini hazitulii. Zinakimbia, zinagonga ukuta. Ukizibana, zinagonga mara nyingi zaidi. Ndiyo maana pampu inakurudisha nyuma."

Nyamongo, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, si mwalimu. Ni msaidizi wa maabara katika shule ya harambee ambayo ameomba tusiitaje jina. Aliishia darasa la sita, akachunga ng'ombe wa mzungu hadi mashamba yalipogawanywa, na tangu 1968 kazi yake ni kuosha chupa, kuchanganya dawa na kupanga mizani. Mshahara ni shilingi mia moja na arobaini kwa mwezi. Julai mwaka huu wa 1973 nusura aupoteze, pamoja na jina lake.

Chanzo kilikuwa kipimahewa: mrija wa kioo wa karibu mita moja, uliojazwa zebaki na kusimamishwa kichwa chini ndani ya bakuli la zebaki. Hewa ya nje huikandamiza zebaki ya bakulini, na nyingine ikabaki imepanda mrijani. Kitabu cha shule kinasema husimama kwenye sentimita sabini na sita. Ya Nyansiongo ilisimama kwenye sitini.

Mwalimu wa fizikia, Shueib Abdi, ni kijana wa Kisii mjini aliyemaliza kidato cha sita Mombasa. Hakuwa na wasiwasi hadi kidato cha nne walipofanya jaribio la kubana hewa. Kanuni ni kwamba ukizidisha kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, kwa ujazo wake, jibu halibadiliki, mradi joto ni lile lile. Kwa msukumo wa hewa ya nje wanafunzi walitumia sabini na sita ya kitabu, na majibu yakaenda kombo darasa zima. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi minne.

Shueib akasema zebaki imepungua, na kamati ya shule ikaitwa. Wazee wakachungulia mrija, wakaona nafasi tupu juu. Kwa macho yao ilikuwa kama debe la maziwa lililopunguzwa njiani. Mmoja akakumbusha kwamba wachimba dhahabu wa upande wa Migori hununua zebaki, na kesi ya wizi dhidi ya Nyamongo ikawa imekwisha hata kabla ya kuanza.

"Niliwaambia, 'Wazee, hiyo nafasi iko hapo tangu siku ya kwanza. Huku kwetu ni juu, hewa iko kidogo, inasukuma kidogo,'" anasimulia Nyamongo. "Mmoja akaniuliza, 'Wewe ulisoma mpaka wapi?' Nikawafungulia daftari langu."

Alikuwa na daftari la vipimo vya kila asubuhi kwa miaka mitano. Kamati ikasema daftari linaweza kuandikwa na yeyote. Akasimamishwa kazi. Kanisani, ambako ni shemasi, akaombwa apumzike kidogo.

"Hiyo ya kanisa iliniuma kuliko mshahara," anasema, na kwa muda anajishughulisha na kitambaa cha kupangusia meza.

Aliyemwokoa ni mkewe, Gesare, na sufuria yake. "Mimi fizikia sijui, lakini maharagwe najua," anasema mama huyo. "Kwa dada yangu Kisumu yanaiva haraka. Hapa kuni inaisha na bado ni mawe. Nikamwambia, 'Baba Nyanchera, kama huko chini hewa ni ingine, si upeleke hiyo kitu yako huko?'"

Palipo na hewa kidogo, maji huchemka kabla ya kupata joto la kutosha. Nyamongo alimwendea Shueib, na kijana yule, kwa sifa yake, hakumfukuza. Mwalimu mkuu, Ombati, alipima zebaki kwenye mizani, akaitia chupani na kuziba kizibo kwa nta ya mshumaa. Jumapili wote watatu walipanda basi kwenda Kisumu, mrija umeviringishwa katika blanketi.

Waliusimamisha barazani mwa duka la shangazi yake Shueib. Zebaki ile ile, mrija ule ule. Ikasimama kwenye sentimita sitini na sita. Walipoirudisha Nyansiongo, ikarudi sitini.

"Mombasa chombo na kitabu vinakubaliana, kwa sababu bahari iko pale pale," anasema Shueib. "Sikufikiria kwamba huku ni vingine. Nilimkosea mzee wangu, na nilimwomba radhi mbele ya shule nzima."

Wanafunzi walirudia hesabu kwa kutumia sitini, majibu yakanyooka. Nyamongo akarudishiwa kazi, na ushemasi wake pia. Wazee wa kamati hawajasema pole hadi leo, ingawa mmoja alimletea mkungu wa ndizi na kuondoka bila kueleza ni wa nini.

Je, ana kinyongo? Anacheka taratibu. "Maneno niliyosema Julai ndiyo hayo hayo yaliyokubaliwa Agosti. Tofauti ni kwamba yalipanda basi."

Jina lake sasa limo katika orodha ya watahiniwa wa kujitegemea watakaofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka ujao. Jioni, akishamaliza kukamua, hukaa na vitabu vya binti yake Nyanchera. Kiingereza kinamtoa jasho, anakiri, na binti hamhurumii.

"Sitaki kuwa mwalimu," anasema. "Maabara inanitosha. Nataka tu karatasi moja, ili siku nyingine nikisema jambo ninalolijua, asiwepo wa kuniuliza nimesoma mpaka wapi."