CD ya Moyo wa Mama Sifa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kilembwe, mkuu wa kituo cha afya alinionyesha mashine ya radio, ile ya kupiga picha za mifupa, akaniambia: "Mbele mugonjwa hajatoka na picha, we umuambie ile picha iko ya nini." Nikaona ni maneno ya mzee. Nilikuwa na diploma, na diploma inaziba masikio.

Wakati ule picha ilikuwa filme. Unaiinua dirishani, unaona mbavu, hata bibi kizee anaelewa. Nilipohamishiwa Baraka, kwenye ekografi, mashine ya kutazama ndani ya tumbo, ndipo CD za picha zikaanza kushuka kutoka hospitali kubwa ya Bukavu, na kunichosha.

Mama Sifa alikuwa mkulima wa mpunga. Moyo wake ulipiga ovyo, upande huu na ule hazipatani. Daktari wa moyo, mgeni anayepitia Bukavu mara chache, alitaka kumwekea kimashine cha kuuongoza, na waya wake mmoja upite ndani ya mshipa wa moyo wenyewe. Mishipa hiyo haifanani kwa watu. Basi wakampiga skana: vipande vingi vya picha ambavyo kompyuta huviunganisha, unaugeuza moyo mbele na nyuma, unaona mshipa unapopinda. Bila hiyo, waya unapapasa gizani.

Papa Sifa, mume wake, akaniletea CD yenye picha hizo. Kompyuta yetu ikanguruma, ikakataa; haikuwa na programu yake. Wagonjwa walijaa mlangoni. Nikamrudishia.

"Papa, hii haiwezi funguka. Haina kazi."

Haina kazi. Mimi, mwenye miaka yote ile ya kazi, nilisema hivyo.

Miezi miwili baadaye daktari alirudi Bukavu kwa juma moja, akaitaka ile CD. Médecin directeur, mkuu wa hospitali yetu, akanituma kwa pikipiki. Niliikuta shambani, inaning'inia kwenye fito, inametameta, inafukuza ndege. Ndivyo tunavyofanya huku na CD iliyokufa.

"We mwenyewe ulisema haina kazi," Papa Sifa akasema, bila ubaya. "Tukaipatia kazi."

Ilikuwa imechubuka yote. Bukavu walishafuta nakala yao. Kurudia skana ni safari nyingine, kabla ya ile ya kuwekewa kimashine, na Mama Sifa hakuweza tena kukaa garini mara mbili. Daktari akaondoka. Mama Sifa akafa kabla ya mavuno.

Sasa niko pansioni, nimestaafu, na vijana wa kazi wananiuliza mashine, mashine, kila siku mashine. Hakuna anayeuliza mgonjwa aambiwe nini mlangoni. Wananichosha, na mimi mwenyewe ninajichosha.

Mwaka ule, kwa ile CD, ndege hawakuharibu sana shamba lile. Papa Sifa aliniletea beseni la mchele mpya, akanishukuru kwa kuwasaidia. Niliupokea kwa mikono miwili. Kuula nilishindwa.