Mifuko ya Mận

Lụa ndiye anayetuuzia tofu sokoni, na zamani sauti yake ilifika hadi mwisho wa kijiji. Tangu mumewe Đoàn aanguke kutoka ghorofani alikokuwa akipiga lipu, akafa, anauza kimya.

Mwaka mpya ulipofika alifunga mchele wa kunata kwenye majani kama kawaida, akaweka tawi la mpichi kando ya picha ya Đoàn, akachoma udi kumwalika aje ale na wanawe. Kisha akawakalisha watoto.

"Mwaka huu hatuendi kwa mtu. Tuna msiba. Mwenye msiba akitangulia kuingia nyumba ya mwenzake, anamwachia kifo."

"Hata kwa Bibi Khuyên?" aliuliza Mận, mwenye miaka mitano. Kila mwaka mgeni wa kwanza wa jirani huyo alikuwa baba yake, mtu wa mguu wa heri, maana anayetangulia kuingia ndiye huleta bahati au balaa ya mwaka mzima; naye alimbeba Mận mabegani.

"Hasa kwa Bibi Khuyên."

Hasa, kwa sababu Nhài, mkamwana wa Bibi Khuyên, alikuwa na mimba, na zilizotangulia zote zilitoka.

Asubuhi, Lụa akimvisha mtoto mdogo, Mận akaponyoka. Bibi Khuyên alikuwa getini akimngoja mgeni aliyemchagua, muuza vitambaa mwenye watoto tele.

"Huyu bwana akizidi kukawia," alimwambia Nhài, "tutafunguliwa mwaka na kuku!"

Ndipo akakiona kitambaa cheupe cha msiba kwenye kichwa kidogo.

"Mận! Simama hapo hapo, mjukuu wangu."

Mtoto akasimama. Akaipindua mifuko ya koti lake, mmoja, kisha wa pili, ikaning'inia nje.

"Tazama, Bibi. Mama anasema tumebeba kifo. Mimi sijabeba kitu."

"Mama, mfungulie tu," Nhài alisema.

"Wewe ingia ndani!"

Bibi Khuyên mwenyewe aliingia, akarudi na tangawizi ya sukari na bahasha nyekundu. Alivipitisha juu ya geti bila kulifungua. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Lụa alifika mbio, miguu mitupu, akasimama ng'ambo ya njia.

"Nisamehe, mama. Kanitoroka."

"Lụa, mwanangu, ingekuwa wewe..."

"Najua, mama. Hata mimi nisingefungua."

Akamshika Mận mkono, wakarudi.

Nyumbani mtoto hakuila tangawizi. Aliiweka mbele ya picha, penye bakuli la wali wa baba yake, akatazama moshi wa udi ukipanda.

"Mama, baba yumo humu sasa hivi?"

"Yumo. Amekuja kula nasi."

Mận akafikiri.

"Akiondoka, Bibi atanifungulia?"

Lụa alipiga magoti, akairudisha ile mifuko ndani, mmoja, kisha wa pili, na mkono wake ukabaki humo muda mrefu.