Akeyo ya Mama Mkwe

Miaka ile ya tisini nikiwa nimeolewa juzi tu, mama mkwe alituma habari kutoka Magunga kwamba Jumapili angekuja kwetu Suna kuonja mboga yangu ya akeyo. Kwake yeye, mke asiyejua kupika akeyo alikuwa mgeni tu nyumbani. Majani yake ni machungu kuliko kwinini, kwa hivyo tangu Jumatano nilikuwa nikiyachemsha kila jioni kwenye chungu na kuyaongezea maziwa ili uchungu uishe.

Jumapili asubuhi nilitoka kisimani nikakuta chungu kimeanikwa juani, kinang'aa.

"Wifi, ile mboga ililala tangu Jumatano," akasema dadake mume wangu, aliyekuja likizo kutoka Nairobi. "Nimewapa kuku, nikasugua chungu na sabuni."

"Nani alikutuma?"

"Si nakusaidia?"

Nilitamani kulia mpaka ziwa lifurike. Nikakimbilia sukuma wiki, nikaipika kwenye chungu kilekile. Mama mkwe alionja tonge moja, akanitazama.

"Mwanangu, huku Suna mnaunga mboga na sabuni?"

Akaomba chai. Nje, kuku walioshiba akeyo yangu walikuwa wamelala kivulini kama machifu.